Shikamoo ya Mashine

Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani
Tanga
24 Juni 2024

Mjukuu wangu Hafsa, mke mwenzangu,

Salamu kwanza, ugomvi baadaye. Mimi mzima. Mgongo ndio ule ule, meno yamebaki saba na yote yanafanya kazi. Utashangaa kuona barua. Simu nimeizima na sitaiwasha mpaka uchaguzi upite. Naandika kwa mkono wangu, kwa herufi nilizozipata ukubwani kwenye kisomo cha akina mama, tukiwa tumekaa mkekani na watoto mgongoni. Shule yenyewe niliiona kwa nje tu nikipita na kuni kichwani. Mistari ikipanda mlima, vumilia. Bahasha nampa Luka wa ofisi ya mabasi, nawe unijibu kwa njia hiyo hiyo.

Sasa sikiliza uchafu.

Juzi asubuhi nakuna nazi, simu inalia. Nafuta mkono, napokea. Sauti ya mwanamke, tamu, ya kwetu kabisa. "Shikamoo mama yangu." Nikaitikia, "Marahaba mwanangu, nani mwenzangu?" Kimya kidogo, kisha ikaendelea kama vile sikusema kitu: "Ninakupigia kuhusu uchaguzi mdogo wa diwani wa kata yako." Nikasema, "Ngoja basi, hatujamaliza salamu, watoto hawajambo?" Wapi! Inaongea juu ya maneno yangu. Nikadhani binti hasikii vizuri, nikapaza sauti mpaka jirani akachungulia. Ikasema: "Je, unajua kwamba mgombea Zuwena Badru, anayeosha maiti wa kike mtaani kwako, huondoka na maji ya maiti akawauzia wanawake wanaotaka kuwapumbaza waume zao? Je, mtu huyo anafaa kuishika kata yako? Kama anafaa, bonyeza moja. Kama hafai, bonyeza mbili." Yalifuata na mengine. Hayo siyaandiki, yatakuumiza bure.

Hafsa, nimeitikia marahaba mashine! Mimi, mtu mzima, nimeipa mashine dua yangu ya asubuhi, nayo ikanitapikia sikioni. Nilinawa uso mara tatu, nikanawa na sikio. Nazi ile sikuila, niliwamwagia kuku.

Zuwena unamjua. Nimemfundisha kuosha kwa mikono yangu miwili, mwaka wa kumi na tisa huu. Tangu mgongo wangu ukatae kuinama, wanawake wote wa mitaa hii wakifa ni yeye anayewaosha. Mama yako naye, ni yeye aliyemwosha. Amegombea kwa sababu ya mitaro tu, kila masika maji machafu yanaingia vyumbani mwa watu na hakuna anayejali. Mpinzani wake ni Miraji, yule muuza saruji. Miraji anaapa kwenye kila baraza kwamba hizo simu hazijui, anaapa huku anatabasamu.

Na watu nao! Waliopigiwa wanaulizana sokoni, "Wewe ulibonyeza ngapi?" Wanacheka. Ila wakimwona Zuwena anakuja wananyamaza, na mwenye mtoto anamvuta karibu.

Wewe kazi yako si hiyo ya kusomea watu matangazo huko Dar? Basi niulizie. Mashine hii inakaa wapi, na huyo binti mwenye sauti anaitwa nani? Simtakii ubaya. Nataka kumuuliza swali moja tu, nani alimlea.

Mimi bibi yako,
Mboni binti Shehe


Tandika, Dar es Salaam
28 Juni 2024

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nimeipata na nimeibusu. Hata harufu ya nazi imo.

Pole sana kwa usumbufu. Usiumize kichwa, Bibi. Simu zile hazipigwi na mtu, zinapigwa na kompyuta, watu elfu kadhaa kwa saa moja. Sauti inarekodiwa mara moja tu. Anayesoma hupewa karatasi akaisoma, basi. Leo atasoma dawa ya meno, kesho benki, keshokutwa uchaguzi, na wala hajui maneno yale yanakwenda kwa nani. Kumtafuta ni kazi ya bure, na hata ukimpata hatakuwa na la kukujibu. Wewe ukiona namba usiyoijua, kata. Washa simu yako, Bibi, nina wasiwasi usipopatikana.

Lakini na mimi niulize, maana tangu mama atutoke sijawahi kuuliza. Simu imesema ndoo mbili zilizofunikwa kanga, zikapandishwa bajaji. Hayo mimi niliyaona kwa macho yangu. Nilikuwa nje pale Nguvumali, mlango umefungwa, nikamwona Mama Zuwena anatoka nazo kwa mlango wa nyuma bila kunitazama. Kama ni uongo, mbona mpaka leo hajasema alizipeleka wapi? Kuuliza si kutukana, Bibi.

Kula vizuri. Nitatuma dawa ya mgongo kwa Luka.

Mjukuu wako,
Hafsa


Ngamiani
2 Julai 2024

Hafsa,

Barua yangu niliyokuandikia naikumbuka neno kwa neno, maana kuandika kwangu ni kazi ya siku mbili. Nilikuandikia maji. Sikukuandikia ndoo. Sikukuandikia kanga, wala bajaji, wala Nguvumali. Niliyaacha makusudi nikakwambia nimeyaacha, kwa sababu yalikuwa ya maziko ya mama yako na nilikuonea huruma.

Sasa umeyajuaje kwamba simu imeyasema?

Nilikaa na swali hilo kutwa nzima. Jana nikavaa baibui nikaenda dukani kwa Turkiya hapo ng'ambo ya barabara. Kila mtu anapigiwa siku hizi, wengine mara tatu. Nikamwambia, "Turkiya, ile simu ya balaa ikilia, niwekee kwa sauti kubwa." Tukakaa. Tumeuza sukari, tumeuza viberiti, saa tano ikalia. Akaiweka juu ya gunia la mchele. Nikafumba macho.

"Shikamoo mama yangu."

Mwanangu mimi nimekulea tangu una miaka minne. Nakujua ukiwa na mafua, ukiwa na njaa, ukisema uongo. Unavuta pumzi kidogo kabla ya jina la mtu. Ulivuta pumzi, ukasema Zuwena Badru. Turkiya akaniuliza, "Bi Mboni, mbona umekuwa hivyo?" Nikamwambia kisukari. Sina kisukari.

Nilitema mate nilipotoka. Nikatema tena nilipofika kwangu. Ladha haikutoka. Nilitaka kumuuliza yule binti nani alimlea, na jibu nimelipata kwenye gunia la mchele.

Sasa nikwambie maneno yako yamefanya nini, maana wewe umesema msomaji hajui yanakwenda kwa nani. Ijumaa kafariki mwanamke Barabara ya Kumi na Tano. Zuwena alipopata habari alichukua mkoba wake, sabuni, pamba, karafuu maiti, akaenda kama siku zote. Mlangoni mwanamume mmoja akamzuia kwa mkono. "Tumeshapata mwingine." Kina mama wamejaa barazani, hakuna aliyeinua uso. Zuwena akasema, "Mungu amrehemu," akageuka. Amerudi na mkoba wake kwa miguu, mchana kweupe, barabara nzima ikimtazama. Miaka kumi na tisa! Kushindwa udiwani si kitu. Mwosha akizuiwa mlangoni mara moja, hataitwa tena mpaka anakufa.

Nijibu. Andika ukweli, usiniandikie benki na dawa ya meno. Na dawa yako ya mgongo nimeirudisha kwa Luka.

Mboni binti Shehe


Tandika
6 Julai 2024

Bibi,

Shikamoo. Usipoitikia nitaelewa.

Ni mimi.

Kwenye studio tunayorekodia yuko bwana mmoja anaitwa Edgar, ndiye anayetuletea kazi. Mwezi wa tano tulimaliza tangazo la godoro, akaniuliza, "Wewe si wa Tanga? Ngamiani unaijua?" Nikasema nimekulia huko. Akaanza kuniuliza habari za watu. Siku ile ilikuwa inatimia miaka miwili tangu mama afariki, Bibi, na hakuna hata mtu mmoja aliyenikumbuka. Nikamweleza. Nikamweleza mlango ulivyofungwa na mimi nje, nikamweleza na zile ndoo. Nililia. Akaninunulia maji ya kunywa, akanisikiliza vizuri. Nilimwona mtu mwema.

Baada ya wiki mbili akanipa karatasi. Nikasoma jina. Nikamwambia, "Huyu namjua, hili si sawa." Akasema, "Kwani tumesema amefanya? Tunauliza tu kama watu wanajua. Ni swali." Akarudia hivyo mara mbili, kwa upole. Nami nikajiambia, kweli, ni swali.

Nikasoma.

Na kuna jambo baya zaidi, afadhali ulisikie kwangu. Karatasi ilianza na "Habari za leo ndugu mpiga kura." Ni mimi niliyesema wazee wa Tanga mtoto akiwaanza kwa habari za leo watakata simu. Ni mimi niliyeweka shikamoo. Edgar alinipongeza.

Sitaki kusema nilifanya kwa shida ya fedha. Kazi ninazo. Nilisoma kwa sababu niliamini, Bibi. Miaka miwili nimelala na zile ndoo. Nilijiuliza mama yangu ananyweshwa nani, katika chai ya mume wa nani. Nilikuwa nikikuuliza jambo lolote la siku ile unasema, "Mambo ya ndani yanabaki ndani." Nikaona hata wewe humjui Zuwena.

Nimeongea na Edgar. Anasema inawezekana kurekodi simu nyingine, ya kukanusha, iende kwa namba zile zile. Nitalipia mwenyewe. Niambie tu niseme nini, nitasoma neno kwa neno.

Hafsa


Ngamiani
9 Julai 2024

Mke mwenzangu,

Marahaba. Hii ni yako, si ya mashine.

Nimesoma barua yako nikalia, halafu nikakasirika, halafu nikapika ugali nikala, maana hasira na njaa haziwezekani pamoja katika umri wangu. Huyo Edgar ningempata ningemfinya sikio mpaka litoke. Mtoto analia msiba wa mamaye, wewe unakusanya machozi yake kwenye kikombe ukayauze! Maji ya maiti anayeuza ni yeye. Huyo ndiye, wala asitafutwe mwingine.

Sasa ndoo.

Unajua zamani tulivyofanya. Maiti huoshwa nyumbani, chini ya kitanda huchimbwa ufuo, lile shimo la kupokea maji yake, yakanywewa na udongo. Ukimaliza unafukia, hakuna cha kubeba. Lakini mama yako alifia Nguvumali kwenye nyumba ya kupanga, sakafu vigae, uani saruji mpaka ukutani. Nilimwomba mwenye nyumba nichimbe hata pale penye bomba. Akasema nitamharibia. Nikamwambia, "Basi maji yaende wapi?" Akanionyesha choo.

Choo, Hafsa. Maji ya mwisho ya mwanangu, niliyemzaa siku ya mvua nikiwa peke yangu, yaende na mavi ya wapangaji.

Nikafunga mlango. Nikawafungia nje watu wote na wewe ukiwemo, kwa sababu nilikuwa nataka kufanya jambo ambalo miaka yote nimewakataza wenzangu. Nimewaambia watu elfu, maji mwagia udongo ulio karibu, sahau, usimshikilie maiti. Na mimi nikamwambia Zuwena, kinga kila tone kwenye ndoo, funika, peleka kwangu. Zuwena akasema, "Bi Mboni, watu wataona." Nikamwambia, "Waone." Chumba changu cha uani, kile ninacholala, sakafu bado ni ya udongo. Tukachimba pale pale alasiri ile, mimi na yeye, wanaume wamerudi tu mazikoni. Tukamimina, tukafukia, nikarudisha kitanda.

Mama yako yuko chini yangu. Kila siku nalala juu yake. Ndiyo maana umenisihi mara ngapi nije Dar kukaa nawe na mimi nasema mgongo.

Nilimwapisha Zuwena asimwambie mtu. Niliona haya. Mwosha mkuu mzima ameshindwa kumwacha mwanawe aende. Na nilijua watu wangesema nini juu ya kikongwe anayeweka maji ya maiti chumbani kwake.

Sasa umwelewe Zuwena. Amezuiwa mlangoni, anasemwa sokoni, kata nzima inapigiwa simu ya kumchafua, na anayo maneno matatu tu ya kumwokoa: "Muulizeni Bi Mboni." Hajayasema. Nilimwambia jana, "Sema." Akasema, "Mwosha hasemi."

Simu yako ya kukanusha sitaki. Mashine haioni haya. Mtu aliyechafuliwa na kitu kisicho na uso hasafishwi na kitu kisicho na uso. Utakuja mwenyewe, na miguu yako, na hiyo sauti yako, tutapita mlango kwa mlango kabla ya Jumamosi ya kura, tarehe ishirini. Utasema ni wewe uliyesoma. Utasema maji yalikwenda wapi. Utayataja yote, na jina langu utalitaja.

Bibi yako,
Mboni


Ngamiani
10 Julai 2024

Mwanangu Hafsa,

Nakuandikia bila Bi Mboni kujua. Nimempa Luka bahasha hii kabla basi halijaondoka.

Amenieleza kila kitu. Sikufichi, nilipojua ni wewe niliumia zaidi kuliko siku ya kuzuiwa. Nilikuogesha ulipokuwa mdogo, una surua. Siwezi kukwambia nimekusamehe kwa sababu bado sijui.

Lakini hili nakuomba. Ukija, sema ni wewe uliyesoma, sema huna ushahidi, ishia hapo. Maji usiyataje. Ukiyataja utaniondolea mimi aibu ukamvika bibi yako. Wale wanaonikimbia leo kesho watampigia yeye mawe juu ya bati. Umri wake unaujua. Wanawake wazee wanaoishi peke yao hawahitaji ushahidi mkubwa ili waitwe wachawi.

Kura nitashindwa au nitashinda. Hilo dogo. Nilimwapia.

Zuwena Badru


Tandika
11 Julai 2024

Bibi,

Shikamoo. Nakuja Jumamosi na basi la asubuhi.

Mama Zuwena ameniandikia, usimgombeze. Yeye ananiomba nisiseme, wewe unaniamuru niseme. Mimi ambaye nimesema nisiyoyajua kwa watu elfu nne, sasa nayajua na sioni mdomo wa kuyasemea. Sijui nitasema nini mlango wa kwanza.

Edgar nimemwambia siendi tena. Akasema wasomaji ni wengi.

Hafsa


Ngamiani
9 Agosti 2024

Hafsa mwanangu,

Salamu. Umeniuliza kwenye kikaratasi chako kama watu wamenisumbua tangu uondoke. Nikwambie yote kwa mpangilio, keti.

Ile milango tuliyopita naiwaza mpaka leo. Kwenye mlango wa kwanza ulisema, "Sauti ya kwenye simu ni yangu," basi, ukakwama. Mwanamke wa watu anakutazama na mwiko mkononi. Nikaona utazimia na ndoo hujazifikia. Ndipo nikasema mimi, "Maji yako kwangu, chini ya kitanda, ni ya mwanangu, njoo uone." Sikuwa nakunyang'anya neno. Mlango wa pili ulisema mwenyewe, wa tatu ulisema bila kulia, na kufika wa arobaini ulikuwa unasema ukiwa umeinua uso. Yule mzee aliyekufungia mlango usoni, nawe ukasema yote kupitia dirishani, anakusimulia kila baraza. "Mjukuu wa Mboni ni jasiri," anasema.

Zuwena ameshindwa, hilo ulilisikia. Miraji ni diwani. Ameshakuja na wapiga picha kuutazama mtaro, ameutazama, ameondoka.

Mimi je? Wanawake saba walikuja kuona sakafu. Nilisogeza kitanda mwenyewe na mgongo huu. Nikawaambia, "Chimbeni mkitaka, jembe lile pale." Wakaangaliana. Mmoja akaanza kulia, kumbe maji ya maiti wa kwake yalimwagwa chooni mwaka jana kwenye nyumba za vigae na hajamwambia mtu. Tukakaa, tukanywa chai. Wengine hawali tena kwangu. Mmoja nikipita anasoma aya kwa sauti. Nami namwitikia amina.

Ila Zuwena hakuitwa. Misiba mitano, Hafsa, mfululizo. Walileta mwosha kutoka Muheza, wakaleta wa Pangani, wa karibu wakamruka. Mimi namwona anakaa, mkoba umetundikwa msumarini. Nilikula chakula kama nakula majivu.

Juzi Jumatano akafariki Bi Khuloud, mama yake Turkiya wa dukani. Wakanitumia mjumbe mimi. "Bi Mboni, mama aliusia aoshwe na wewe." Nikaenda, na Zuwena nyuma yangu na mkoba. Mlangoni amesimama Khalifa, kakaye Turkiya.

"Karibu Bi Mboni. Huyu abaki nje."

"Mgongo wangu hauinami. Yeye ndiye mikono yangu."

"Nje nimesema. Watu wanasema mengi."

"Basi mwoshe wewe."

"Mimi mwanamume, nitamwoshaje mama?"

"Huwezi?"

"Siwezi!"

"Basi nyamaza, wenye kuweza wapite."

Hakupisha. Watu wamejaa, jua linapanda, maiti ndani anangoja. Mimi nikavuta kibao cha dukani nikakaa pale pale mlangoni. Nikawaambia nitakaa mpaka magharibi, nina tende mfukoni. Wakaanza kunizomea chini chini. Nilikuwa naogopa, usidhani sikuogopa. Zuwena alininong'oneza, "Twende zetu, Bi Mboni." Nikamwambia, "Umezoea kugeuka. Leo hatugeuki."

Ndipo Turkiya akatoka, hana hata viatu, macho yamevimba. Akamsukuma kakaye pembeni. Akamwambia Zuwena mbele ya watu wote, "Nakuuliza jambo moja. Nyumba hii yote vigae. Maji ya mama yangu utayapeleka wapi?"

Watu wakasogea wasikie.

Zuwena akasema, "Sijui. Ingia na mimi. Utayakinga mwenyewe, utayabeba mwenyewe, na udongo utauchagua mwenyewe."

Nikataka kumkatisha. Miaka yote mimi ndiye niliyekuwa nawatoa mabinti nje na kufunga mlango, nikiogopa vilio vyao visije vikamchafulia maiti udhu. Dini haijawakataza. Ni mimi. Nimefunga milango miaka hamsini, nikiiita heshima, na nyuma ya kila mlango nimemwacha binti mmoja anaona ndoo na hajui ndani kuna nini. Nikaufunga mdomo wangu. Zuwena akamshika Turkiya mkono, wakaingia.

Turkiya hakulia. Alimshika mamaye kichwa kama unavyoshika yai. Zuwena alikuwa anamwelekeza pole pole, mimina hapa, inua mkono, kulia kwanza. Tulipomaliza alibeba ndoo mwenyewe, barabarani, hazikufunikwa. Watu wakampisha. Alikwenda kuyamwaga kwenye mkomamanga wa uani kwa mjomba wake. Zuwena alitembea nyuma yake mikono mitupu, na kila mtu akaiona ile mikono.

Jana wamemwita Barabara ya Kumi na Sita. Masharti yake sasa ni hayo, binti au dada wa maiti aingie, la sivyo haendi. Wapo waliokasirika. Wapo wawili waliokuja kuniuliza wanaweza kujifunza lini.

Nawe nimekutafutia nafasi. Usinijibu una kazi, umeshasema huna. Njoo Ijumaa ijayo uvae nguo pana, isikubane mikono. Atakufundisha Zuwena. Mimi nitakaa kwenye kigoda niwagombeze wote wawili. Sauti yako hatuihitaji mle ndani, mle hakusemwi, na utakayoyaona utazikwa nayo.

Radhi Zuwena hajakupa. Nimemuuliza, akaniambia, "Aje kwanza, niione mikono yake."

Bibi yako,
Mboni binti Shehe